Bei ya zao na bei ya kazi

Wajukuu zangu, kila mkirudi likizo kutoka Kampala nawaona mkishuka sokoni hapa Arua na ujuzi mmoja tu, wa kupunguza bei. Mkishinda, mnatusimulia jioni nzima. Sisemi kupatana ni kosa. Soko lisilo na maneno limelala. Ila kuna bei ya zao, na kuna bei ya kazi. Fungu la nyanya, embe za msimu, majani ya kunde ya kupikia osubi, hivyo pataneni mpaka mcheke wote wawili. Lakini unga wa muhogo, odii ya karanga na ufuta, samaki angara mkavu, mkate wa gurusa wa mama wa Kinubi kule Koboko: hapo mtu anauza siku zake. Mkimkata sana atazipunguza siku hizo, na upungufu wake mtaula ninyi.

Anzeni na unga, maana bila muhogo enyasa, ugali wa nyumba nyingi huku, haisongwi. Muhogo mchungu una sumu, sianidi. Humenywa, hulowekwa au hufunikwa siku kadhaa mpaka ulainike na kuchacha, huanikwa juani hadi ukauke kabisa, ndipo upelekwe kinuni au mashineni. Hakuna siku ya bure hapo. Penye njaa au haraka ya fedha siku hizo hufupishwa, na kitoweo kikiwa haba pia, watu hulemaa. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Umeonekana Kongo, Msumbiji, na Tarime nchini Tanzania baada ya ukame wa miaka ya 1980. Miguu hukakamaa ghafla, na hairudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo muulizeni muuzaji: mama, huu ulilowekwa au kufunikwa siku ngapi? Aliyeutengeneza kwa mikono yake atajibu kabla hamjamaliza swali, na pengine atawaeleza mvua ilivyomsumbua wiki ile. Aliyenunua gunia na kuligawa atawatazama tu. Na acheni kukunja pua. Ule uchachu mnaousikia ni alama kwamba muhogo ulikalishwa. Nyinyi mnaokimbilia unga mweupe usio na harufu, mmewahi kuuliza umepitia wapi?

Odii ina jambo lake. Karanga na ufuta vikishasagwa, macho hayana kazi tena. Karanga iliyoota ukungu huweza kubeba sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mahindi, chakula cha kila siku! Basi nunueni karanga nzima, zimwageni kwenye ungo, toeni zilizonyauka na zilizobadilika rangi, tafuneni moja. Ikiwa chungu, temeni. Kisha zikaangwe na kusagwa mkiwa mmesimama pale pale, na mlipe usagaji alivyosema msagaji. Kama kuna mama mnayemjua, mnayejua anavyochagua karanga zake, nunueni odii yake hata ikizidi ya jirani kwa shilingi mia kadhaa. Huyo msimwache.

Angara hutoka Ziwa Albert, na wengi wao hupitia Panyimur. Mgeuzeni samaki mtazame tumboni na kwenye mfupa. Akiwa mbichi ndani, au mkimgonga wakadondoka wadudu, mwacheni. Akiwa na mchanga, alianikwa chini. Wa kichanjani hana. Mwenye kichanja alikata miti, akafunga kamba, akakaa kufukuza ndege, kwa hiyo bei yake haiwezi kulingana na ya aliyetandaza samaki njiani.

Mkifika Koboko, barabara ya lami ya kutoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92, imewarahisishia safari, lakini haikuwapa haki ya kusahau salamu. Kongo iko hapo karibu, Sudan Kusini iko hapo karibu, na sokoni mtasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili kwenye meza moja. Msalimieni mtu kwanza, muulizeni nyumbani, ndipo mguse bidhaa. Gurusa msiiguse kabisa. Onyesheni kwa kidole, atawafungia mwenyewe. Na simu zikae mfukoni. Kumpiga mtu picha na chakula chake, kisha kuondoka bila kununua, kwetu hatuna jina zuri la jambo hilo.

Vikombe vya kupimia vitazameni chini. Vingine vimebonyezwa kitako, vinameza kidogo kuliko vinavyoonyesha. Mkigundua, mwambieni taratibu, majirani wasisikie, mara nyingi atabadilisha kikombe. Mkipaza sauti mtapata ugomvi, na kikombe kitabaki kile kile. Nyongeza ni yake kutoa. Lipeni, nyamazeni kidogo, mkono wake utarudi kwenye fungu wenyewe.

Nusura niisahau asali. Hayo majaribio yenu ya njiti ya kiberiti na tone la maji hayathibitishi kitu. Heri kumjua mwenye mizinga. Wala iliyoganda si lazima iwe imetiwa sukari, asali halisi huganda pia. Wenzenu huikataa na kutafuta inayotiririka, basi nileteeni mimi hiyo iliyoganda, chupa mbili.