Picha Hii Inamdai Nani?

Jego iko kwenye barabara itokayo Lunga Lunga kwenda Vanga. Mtoto akishikwa na degedege huko usiku wa manane, mzazi hawazii MRI. Anawaza pikipiki ya nani ina mafuta, na kama watafika Msambweni mwana angali anapumua. Bibi atasema ni nyuni, ndege kampitia. Sisi wa mjini hapo hucheka, lakini ngoja kwanza.

Kwa miaka mingi hata madaktari hawakuwa na hakika ni nini hasa kinachoua malaria ikipanda kichwani. Dawa inaua vijidudu, na mtoto anakufa vilevile. Mwaka 2008 hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, ikapata mashine ya MRI, na timu ya Dkt. Terrie Taylor ikaanza kupiga picha bongo za watoto waliopoteza fahamu. Matokeo yalitoka 2015: kati ya watoto 168, walifariki 25, na 21 kati ya hao ubongo ulikuwa umevimba vibaya. Fuvu halitanuki. Ubongo ukivimba, hukandamiza ile sehemu ya chini inayoendesha pumzi. Kwa walionusurika, picha za baadaye zilionyesha uvimbe ukishuka.

Watoto wale hawakuulizwa. Walikuwa hawajitambui, wazazi ndio walioitikia. Sasa tunajua kitu kwa sababu yao, na mimi nauliza kujua huko kunamdai nani.

Nikisikia kila kaunti idai MRI yake, moyo wangu unasita. Picha safi pasipo oksijeni, pasipo mashine ya kupumulia wala muuguzi wa zamu, inamwonyesha mama tu namna mwanawe anavyokufa. Kwangu, deni la Blantyre linalipwa kwanza na vitu visivyopigiwa makofi: ambulensi inayowaka, na mhudumu mwenye subira ya kumweleza baba kwa nini mtoto anachomwa sindano mgongoni, maana homa ya uti wa mgongo na malaria ya kichwa zinafanana sana kwa macho, na dawa zake ni tofauti.

Rafiki yangu anayesomea udaktari hakubaliani nami hata kidogo. Anasema: wewe, kuna mtoto mwenye jipu ndani ya ubongo, kuna mwenye TB ya ubongo, hao utawaambiaje wangoje? Tutaishi kwa picha za kuazima mpaka lini?

Hapo sina ubishi naye. Mashine inunuliwe. Ila siku bajeti yake inasomwa, isomwe pamoja na ile ya mafuta ya ambulensi ya Lunga Lunga.