Je, Yafaa Kuomba Ushindi?

Maji yakupwapo huko Kaole na Bagamoyo, vijana hushuka mchangani kushindana mbio, na walio wanafunzi hujizoeza hapo kwa ajili ya mashindano ya vyuo vyao. Basi swali hili huwajia wakatekista: Je, kijana Mkristo amwombe Mungu ampe kushinda? Na wakiwa wawili wa usharika mmoja, kila mmoja akiomba hivyo, Bwana amsikilize yupi?

Wengi hujibu upesi: Aombe nguvu tu, asiombe ushindi. Jibu hili ni jema, walakini halitutoshi. Maana kijana yule moyoni mwake ataka kushinda, naye amwombaye Mungu neno moja huku moyo wake wataka jingine, afanya unafiki. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, ambao karibu na mji wao ilichezwa michezo ya Isthmia, hakuona haya kutwaa mfano wa wapiga mbio na taji lao. Kutaka kushinda si dhambi. Sisi twauliza hivi: wamtakia nini mwenzako?

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch katika New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania (ndiye aliyeanzisha baadaye shule huko Kibaha, katika mkoa wetu wa Pwani) alikimbia meta 1500 akiongoza tangu mwanzo hata mwisho, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker, mwenyeji, alimfuata kwa hatua chache, naye pia akakipita kipimo cha Jim Ryun kilichodumu tangu 1967. Basi Walker alishindwa. Na katika kushindwa kwake alikimbia upesi kuliko watu wote wa duniani, ila mmoja. Ni nani aliyemvuta hata akafika huko, kama si Bayi? Naye Bayi, ni nani aliyemzuia asilegee?

Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, haikushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini iliyotawaliwa kwa ubaguzi. Twaona sababu ile ilikuwa ya haki, ingawa gharama yake iliwaangukia vijana wasio na hatia. Walker akapata dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, yaani sekunde 7 zaidi ya mbio za Bayi. Hatusemi kwamba sababu ni hiyo tu, maana mbio za Olimpiki mara nyingi huanza polepole. Lakini yeye aombaye mpinzani wake aondolewe njiani, na aangalie vema aombalo.

Jambo hili ni gumu zaidi katika ile michezo kumi iitwayo dekathloni. Kwa siku mbili mtu hukimbia, huruka viunzi, hutupa tufe, kisahani na mkuki, tena huruka juu kwa ufito mrefu kama upondo wa mabaharia wetu. Na kila tendo huhesabiwa alama kwa jedwali lililowekwa. Huko Roma, mwaka 1960, C. K. Yang wa Taiwan alimpita Rafer Johnson wa Marekani katika michezo 7 kati ya 10, akawa wa pili, maana katika tufe peke yake alipungukiwa karibu meta mbili na nusu.

Hao wawili walifundishwa na mwalimu mmoja, Elvin Drake, katika chuo kikuu kimoja cha Los Angeles. Kabla ya mbio za mwisho, za meta 1500, kila mmoja alimwendea kutaka shauri. Yang akaambiwa amwache Johnson mbali nyuma. Johnson akaambiwa amfuate Yang asimwache. Wala hakumdanganya hata mmoja. Yang alitangulia kwa sekunde 1.2 tu, Johnson akashinda kwa alama 58, nao wakaegemeana kwa uchovu. Mwalimu yule, kama aliomba usiku ule, aliomba nini?