Je, Neno la Mungu ni Dawa ya Bahati?

Zamani neno misioni lilitukumbusha merikebu na wageni waliotoka mbali, kama wale wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Leo mataifa yamekutana karibu nasi. Nendeni Geita, au Kahama katika mkoa wa Shinyanga. Kwenye maduara ya dhahabu mtawakuta Wasukuma, Waha, Wakurya na Wahaya, wote wakisema Kiswahili, wakilala katika vibanda vya turubai. Na dhahabu ikiisha, huhama. Kanisa la matofali halihami nao. Hiyo ni shida ya kwanza, lakini tena ni mlango, kwa kuwa neno lililosikiwa duarani huchukuliwa mpaka vijiji vingi.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya moyoni. Mtu aweza kuchimba miezi mingi asipate kitu, na jirani yake akapata kwa siku moja. Basi huuliza: Mbona yeye, wala si mimi? Swali hili ndilo limpelekalo kwa mganga, na matunda yake twayajua. Hasa tangu mwaka 2007, katika nchi hizi za ziwa watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, maana waganga walisema viungo vyao huleta utajiri. Nao vikongwe wa Usukuma waliuawa wakiitwa wachawi kwa ajili ya macho mekundu, ambayo yaliharibiwa na moshi wa jikoni tu. Mwaka 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Amri yaweza kuuzuia mkono. Lakini swali lile haiwezi kulijibu.

Je, sisi twalijibuje? Wako wahubiri wanaomwambia mchimbaji: Toa sadaka, na Mungu atakuonyesha mwamba wenye mali. Maneno hayo yapendeza, na nyumba hujaa watu. Lakini mhubiri huyo ana tofauti gani na mganga? Ameondoa hirizi, akaweka jina la Yesu mahali pake. Moyo wa mchimbaji haukugeuka. Siku duara likikosa dhahabu, atatafuta dawa nyingine yenye nguvu zaidi. Simoni wa Samaria alileta fedha apate kununua uwezo wa Roho, Petro akamkemea. Martin Luther naye mwaka 1517 alipinga biashara ya vyeti vya msamaha. Basi sisi tuitwao kwa jina lake, tutauza baraka?

Labda mtu atasema: Msipowaahidi kitu, hawatakuja. Ni kweli, wengine hawatakuja. Walakini mchimbaji anayo haja iliyo kubwa kuliko bahati, yaani kujua ya kuwa mtu ana thamani mbele za Mungu hata akiwa hana kitu. Asiyeamini hivyo kwa nafsi yake, ataaminije kwa mtoto mwenye ualbino, au kwa bibi kizee wa jirani?

Kwa hiyo mwinjilisti afikaye duarani na akae nao. Awazike waliofukiwa na kifusi. Awaonye juu ya zebaki waishikayo kwa mikono na mvuke wake wauvutao. Amtetee kikongwe kabla hajasingiziwa. Tena sharika zetu zipokeapo sadaka ya dhahabu, ziulize imepatikanaje. Bwana awatie nguvu watenda kazi wake, nasi tuwaombee bila kuchoka.