Nguvu ya Sunny ni ya Nani?

Ukitoka Sumbawanga, utani huwa umekutangulia popote uendapo. Ukitaja kwenu, mmoja anajifanya kurudi nyuma hatua mbili, mwingine anakuomba usimtumie radi. Wachache wanajua kwamba jina lenyewe, kwa Kifipa, hufasiriwa "tupa uchawi". Yaani mji uliopewa jina la kuukataa uchawi ndio huohuo nchi nzima imeubebesha uchawi.

Kwa hiyo sikumshangaa dada yangu, anayeishi Mazwi, nilipompelekea binti yake wa miaka 12 riwaya ya Nnedi Okorafor, *Akata Witch*, ya mwaka 2011. Alinipigia simu: "Mdogo wangu, kweli huku kwetu ndiko kwa kuleta kitabu cha uchawi?"

Lipo jibu jepesi. Wengi wetu tulisoma *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Mle wamo majini, na wamo ndugu wawili waliogeuzwa manyani ambao Adili analazimika kuwachapa kila usiku. Hakuna aliyefunga kitabu kile akaenda kutafuta mganga. Tulichobaki nacho ni ubaya wa husuda. Mtoto anajua hadithi ni hadithi, tena pengine kuliko sisi watu wazima.

Lakini jibu hilo halitoshi, na sababu ni Sunny mwenyewe. Sunny Nwazue ana miaka 12. Alizaliwa New York, wazazi wake ni Wanigeria, na sasa wanaishi Aba, kusini mashariki mwa Nigeria. Ana ualbino. Anatembea na mwavuli mweusi, anapenda mpira lakini jua halimruhusu kucheza, na shuleni wenzake wanamtukana. Kisha, kupitia marafiki watatu, Orlu, Chichi na Sasha, anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye uwezo wa uchawi. Katika jamii hiyo, kile ambacho watu wa kawaida wanakiona kasoro mwilini mwako ndicho huwa chanzo cha kipaji chako. Ualbino wa Sunny unamfungulia mlango wa ulimwengu wa roho.

Hapo mtu wa Rukwa lazima asite. Kusema kwamba mwili wa mwenye ualbino una nguvu isiyo ya kawaida, si ndiyo kauli ya wauaji? Tangu miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu imezika watu, watoto wakiwemo, kwa sababu kuna mtu aliaminishwa kwamba mkono au mfupa wao utamletea utajiri, dhahabu au kura. Mkoa wetu nao umeguswa na unyama huo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, na bado hatujafika mahali pa kusema yamekwisha. Sasa tumpe mtoto riwaya inayosema ni kweli, nguvu ipo?

Nimelifikiria swali hili kwa muda, na ninaona tofauti iko kwenye neno moja dogo: ya nani. Mnunuzi wa kiungo anaamini nguvu imo ndani ya kitu. Ukikikata kikatoka kwa mwenyewe, inakufuata wewe. Mwenye mwili hana kazi katika hesabu hiyo, ni gunia tu lililobeba bidhaa. Ndiyo maana neno "zeruzeru" linawauma wenye ualbino hadi leo. Linamtaja mtu kama kiroja, likamwacha mtu mwenyewe nje. Kwa Okorafor, nguvu haitoki kwa Sunny kwenda kwa mwingine. Ni yake kama sauti yake ilivyo yake, na hata yeye hawezi kuitumia mpaka ajifunze. Katika ulimwengu wao, mtu akijifunza jambo jipya, vipande vya chuma hudondoka kutoka hewani, na hivyo ndivyo fedha yao. Huwezi kuiba somo la mwenzio ukaokota wewe. Sijui kama kuna kejeli kali kuliko hiyo kwa mtu anayetafuta utajiri wa haraka kwa mganga.

Tena mwandishi hakukwepa wauaji. Adui wa hadithi ni Black Hat Otokoto, anayeteka watoto kwa ajili ya kafara. Jina Otokoto halikutungwa hewani: ni la hoteli ya mjini Owerri iliyohusishwa na mauaji ya mtoto mwaka 1996, mauaji yaliyowafanya wananchi waingie mitaani kwa hasira. Na Black Hat ni Mtu wa Chui kama Sunny. Uchawi ni uleule. Kinachowatenganisha ni jinsi kila mmoja anavyomtazama mtu aliye mbele yake. Black Hat anauliza, huyu ananifaa kwa nini? Orlu, Chichi na Sasha wanamuuliza Sunny, wewe ni nani, na unaweza nini tukiwa pamoja?

Nina ugomvi mmoja na kitabu. Baada ya kuingizwa kwenye jamii ile, ngozi ya Sunny haiungui tena na jua, naye anauacha mwavuli. Ni furaha kumwona akicheza mpira mchana kweupe, lakini ni furaha ya bei rahisi. Huku kwetu, saratani ya ngozi ni adui wa kila siku wa mwenye ualbino, na dawa yake si muujiza. Ni kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa KCMC, Moshi. Ningependa Sunny aupige huo mpira bila uchawi kumbadilisha kwanza.

Pamoja na hayo, nasema kisomwe, na kisomwe Sumbawanga kabla ya kwingine. Mtoto wetu atasikia habari za uchawi hata tukimfungia vitabu vyote. Ataupata kwenye utani, kwenye vijiwe, kwenye minong'ono ya msibani. Huko atafundishwa kuogopa, na kushuku bibi mwenye macho mekundu. Kitabuni atafundishwa kuuliza nguvu hii ni ya nani, na anayeitaka anamwonaje mwenzake.

Wenye ualbino wengi hawaoni vizuri mbali. Darasani, mtoto wa namna hiyo anahitaji kukaa mbele, na anahitaji jirani wa dawati atakayemsomea kilichoandikwa ubaoni bila kumfanya ajione mzigo. Kama riwaya hii itampata msomaji mmoja wa kulikalia dawati hilo, imefanya kazi yake.