Pembe ya Shamba na Sikukuu ya Pentekoste

Somo: Mambo ya Walawi 23:15–22, Luka 10:30–35



Tangu ndengu zianze kuvunwa kumekuwa na mnong'ono kanisani. Kuna familia hapa Tawa yenye duka la nafaka na mbegu. Kila msimu husimama wakati wa matangazo: mbegu zimefika, wanunuzi wa maembe wako njiani, ndengu bei ni hii. Kisha huongeza kwamba katika kila gunia wametenga gorogoro moja, pesa yake iende kwa Msalaba Mwekundu kusaidia wagonjwa na majeruhi. Basi wengine wameniuliza, "Pasta, si hiyo ni biashara madhabahuni?"

Ni swali zuri, tusilikimbie. Yesu alipindua meza hekaluni kwa sababu watu walikuwa wananyonywa kwa jina la ibada. Kwa hivyo mimi, kabla ya kuuliza habari ya sadaka ya duka hilo, niliuliza habari ya kipimo chake. Nani hapa Ukambani hajui gorogoro iliyogongwa kitako mpaka ikaingia ndani? Ukimpunja mjane Jumatatu kwa gorogoro hiyo, halafu Ijumaa ukapeleka pesa kwa wagonjwa, hujatoa kitu. Umehamisha mali ya mjane tu. Soma Mithali 11:1.

Na hiyo bei inayotangazwa? Mimi naipenda. Susu aliye kule mlimani akijua bei ya Tawa, dalali hawezi kumdanganya langoni kwake.

Sasa njoo kwenye Walawi. Sisi tunajiita Wapentekoste, na mara nyingi tunaanzia Matendo 2. Lakini Pentekoste ilikuwa sikukuu ya mavuno kwanza. Mungu anaagiza zihesabiwe siku hamsini, iletwe mikate miwili ya ngano mpya, zitolewe dhabihu. Halafu mstari wa 22, kabla hajafika sikukuu ya tarumbeta, anasema habari za pembe za shamba: zisivunwe, ni za maskini na mgeni. Hebu niambie, kwa nini akaiweka hapo?

Angalia wakati. Pembe inaachwa mundu ukiwa bado mkononi. Ghala halijajaa, magunia hayajahesabiwa. Sisi husema, "Tukibarikiwa, tutakumbuka wagonjwa." Lakini tunajua mvua zetu. Tunategemea zaidi zile za Oktoba hadi Desemba, na zikikatika mapema, shamba la magunia matano linatoa madebe mawili. Shamba dogo lina pembe ndogo, lakini lina pembe. Hilo ndilo nililoiambia ile familia: msimu mbaya ukija, msinyamaze. Simameni mseme, "Mwaka huu ni kikombe kimoja."

Yule Msamaria, Luka hasemi alifanya kazi gani. Mimi humwona kama mfanyabiashara: ana mnyama wa kubeba, ana mafuta na divai, na mwenye nyumba ya wageni anakubali ahadi yake ya kulipa akirudi. Sitagombana na anayekataa. Ila huo Msalaba Mwekundu wenyewe ulitokana na mtu wa biashara. Juni 1859, Henry Dunant wa Uswisi alikuwa safarini kwa shughuli zake akakuta majeruhi wa vita vya Solferino, Italia, maelfu kwa maelfu, na waganga hawatoshi. Akakaa, akawahudumia pamoja na wanawake wa mji wa jirani. Mwaka wa 1863 kazi hiyo ikapata chama. Hapa Kenya iliwekwa kisheria na Bunge mwaka wa 1965.

Na Dunant je, alitajirika? La. Mwaka wa 1867 alifilisika, akaishi miaka mingi katika umaskini. Kwa hiyo asije mtu kwenye mimbari hii akatuahidi kwamba ukitoa kwa wagonjwa duka litajaa. Walawi 23:22 haina ahadi hiyo. Inamalizia kwa kusema Mungu ni nani, basi.

Tangazo litaendelea, dakika mbili, na risiti ya msimu uliopita itasomwa pamoja na bei. Mwingine yeyote mwenye duka, kinu au kibanda cha maembe anayetaka kutangaza msimu wake, anakaribishwa. Alete kwanza gorogoro yake kwa wazee waiangalie kitako.