Deni la Mtunzi: Shujaa Asiyeshindika, Mtazamaji Aliyeudhika na Maadili ya Mwethya

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuuliza iwapo kazi ya sanaa ni nzuri. Ni nadra kuuliza iwapo kazi hiyo imemtendea haki anayeipokea. Maswali haya mawili si mamoja. Kiti kibovu ni kiti kibovu tu, na huenda aliyekitengeneza ni fundi asiye na ujuzi. Lakini fundi aliyepokea mbao za jirani, akatumia nusu na nusu akaiacha inyeshewe, ana jambo la kujibu zaidi ya ubovu wa kiti. Makala haya yanachunguza iwapo mtazamaji wa tamthilia ya mfululizo, hususan ile inayomhusu shujaa mwenye nguvu za ajabu, anaweza kudai kwa haki kwamba amedhulumiwa na uandishi dhaifu, au iwapo anachoweza kusema ni kwamba hakufurahishwa.

Suala hili si la mzaha. Mwaka 2019 zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa mwisho wa tamthilia ya Game of Thrones uandikwe upya. Watu hawa hawakulalamika kwamba wamechoshwa. Walizungumza kama watu waliovunjiwa ahadi. Ama lugha yao ilikuwa ya kupita kiasi, ama nadharia ya uhakiki haijapata msamiati wa kuieleza lawama yao. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba msamiati huo upo, na kwamba unaweza kupatikana katika asasi ya kazi za pamoja ya Wakamba iitwayo mwethya, kama inavyojulikana katika vilima vya Kilungu.

2.0 Majibu Mawili Yaliyozoeleka

Jibu la kwanza husema kwamba yote haya ni masuala ya ladha. Hakuna aliyemlazimisha mtazamaji kukaa mbele ya runinga. Asipopendezwa, na aizime. Jibu hili linapuuza tofauti iliyo dhahiri kwa kila mtazamaji. Mtu anaweza kuipenda hadithi asiyoiheshimu, na anaweza kuiheshimu hadithi iliyomhuzunisha. Iwapo ladha ndiyo kipimo pekee, basi huzuni na udanganyifu vingekuwa kitu kimoja, kwa kuwa vyote viwili havipendezi.

Jibu la pili ni la soko: mtazamaji amelipa, kwa hiyo anastahili bidhaa bora. Nalo halitoshi. Mtoto anayetazama bure kupitia dirisha la jirani huudhika kama aliyelipa. Kinyume chake, aliyelipa akaona kazi duni iliyotungwa kwa unyofu hujiona aliyepata hasara, si aliyedhulumiwa. Fedha, basi, si chanzo cha lawama hii. Kuna kitu kingine ambacho mtazamaji amekitoa, na ambacho mtunzi amekipokea.

3.0 Mwethya kama Kielelezo

Kilungu ni nchi ya miteremko mikali. Hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, na leo imo katika Kaunti ya Makueni. Kilimo katika mahali kama hapa hakiwezekani bila matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na matuta hayawezi kuchimbwa na mtu mmoja. Ndipo inapoingia mwethya. Mwenye kazi huwaita majirani, nao huja na majembe yao. Yeye huandaa chakula. Hakuna mshahara. Lakini hakuna pia bure, kwani kila siku ya kazi iliyopokewa ni siku inayodaiwa. Historia ya eneo zima la Machakos inaonyesha jinsi uhusiano huu ulivyo na uzito. Katika miaka ya 1940 kazi ya lazima ya kuchimba matuta, iliyoamrishwa na serikali ya kikoloni, ilichukiwa na watu. Katika miaka ya 1950, kazi hiyohiyo ilipofanywa na vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi, matuta yalienea kwa kasi. Jembe halikubadilika, wala mlima. Kilichobadilika ni maana ya kuitwa.

Mambo mawili katika asasi hii yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, kinachotolewa ni nguvu za mtu mwenyewe, ambazo haziwezi kurudishwa zikishatumika. Pili, aliyeita ndiye anayewajibika kuhakikisha kwamba nguvu hizo hazipotei. Akiwaita watu ishirini kuchimba tuta kisha akaliacha lisombwe na mvua ya kwanza kwa uvivu wa kulitunza, hakuna sheria ya soko aliyoivunja, wala suala hilo si la ladha. Hata hivyo kila aliyeshika jembe siku ile ana haki ya kunung'unika.

Hadithi ya mfululizo ni mwito wa namna hiyo. Mtunzi hawezi kuijenga peke yake. Anamwomba mtazamaji akumbuke, atarajie, aogope kwa niaba ya mtu asiyekuwapo, abebe kwa wiki na miezi fumbo ambalo halijafumbuliwa. Hii ni kazi, nayo hufanywa na akili na moyo wa mtazamaji. Uandishi dhaifu, kwa maana ya kimaadili, ni ule unaoipokea kazi hiyo kisha ukaiacha isombwe.

4.0 Sheria ya Shujaa

Kwa nini lawama hii huwa kali zaidi panapohusika shujaa mwenye nguvu za ajabu? Kwa sababu shujaa wa aina hii huingia katika hadithi na sheria yake. Tunaambiwa anaweza nini, hawezi nini, na kwa gharama gani. Sheria hiyo ndiyo inayomwezesha mtazamaji kuogopa.

Fasihi ya Waswahili ina mfano ulio wazi. Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika mapokeo ya pwani na katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hauawi kwa silaha za kawaida. Kinachoweza kumwua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anaitoa mwenyewe, kwa mwanawe, na kwa mkono wa mwanawe anakufa. Msimulizi hapati nafasi ya kumwokoa, wala haitafuti. Sheria iliyompa Liyongo utukufu ndiyo inayomwua, na kwa hiyo kifo chake kina maana: aliyeshindikana kwa majeshi ameshindwa na imani yake kwa damu yake mwenyewe. Hata akiwa maiti, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wanaogopa kuteka maji. Hofu hiyo ni malipo kwa hadhira, ambayo tangu mwanzo iliombwa kuamini nguvu zake.

Sasa na tutazame tamthilia ya Heroes, iliyoonyeshwa nchini Marekani na shirika la NBC kuanzia mwaka 2006 hadi 2010. Mhusika mmoja, Peter Petrelli, ana uwezo wa kujipatia nguvu za kila mwenye kipawa aliye karibu naye. Nguvu ya namna hii ni mtego kwa mwandishi, kwani kila anayeongezwa katika hadithi humwongezea Peter njia ya kutokea. Kwenye kilele cha msimu wa kwanza Peter yu karibu kulipuka na kuuangamiza mji wa New York. Nduguye Nathan anamchukua na kuruka naye angani. Watazamaji wengi waliuliza swali ambalo mtoto angeuliza: Peter naye si anajua kuruka? Katika msimu wa pili Nathan anaonekana yu hai, na Peter amepoteza kumbukumbu, kwa hiyo hajui ana nguvu gani. Katika msimu wa tatu ananyang'anywa nguvu hizo na baba yake. Mwishoni mwa mwaka 2007 Tim Kring, mwanzilishi wa tamthilia hiyo, alikiri hadharani kwamba msimu wa pili ulikuwa na kasoro.

Tofauti kati ya kazi hizi mbili si tofauti ya ufundi peke yake. Katika utenzi, sheria inamfunga mtunzi kama inavyomfunga mhusika. Katika tamthilia, sheria inamfunga mtazamaji tu. Yeye anatakiwa kuogopa kwa mujibu wa sheria ambayo mwandishi anaiweka kando inapomtatiza. Huku ndiko kumwita mtu mwethya na kumficha jembe.

5.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba ngano zetu zenyewe zimejaa miujiza, na hakuna anayelalamika. Katika ngano za Wakamba, ambazo baadhi yake zilikusanywa na Gerhard Lindblom na baadaye John Mbiti, viumbe waitwao aimu humeza watu, na waliomezwa huweza kutoka wakiwa hai kidole cha zimwi kikikatwa. Je, hili si la ajabu kuliko mtu anayesahau kuruka? Jibu ni kwamba ajabu si kosa. Aristotle alikwisha kueleza kuwa katika utunzi jambo lisilowezekana lakini likasadikika ni bora kuliko linalowezekana lisilosadikika. Kidole cha zimwi ni sehemu ya sheria ya ulimwengu wa ngano. Hadhira inaijua na inaingoja. Aidha, fanani wa ngano yumo miongoni mwa hadhira yake. Akikosea, atakatizwa papo hapo. Mwandishi wa televisheni halipi gharama hiyo, na ndiyo maana hana budi kujichunga zaidi.

Pingamizi la pili ni kwamba tamthilia haina mtunzi mmoja. Msimu wa pili wa Heroes ulikatishwa baada ya vipindi kumi na kimoja kwa sababu ya mgomo wa waandishi ulioanza Novemba 2007. Kuna wadhamini, kuna bajeti, kuna mwigizaji anayependwa asiyeweza kuuawa. Yote haya ni kweli, na yanapunguza lawama ya mtu mmoja mmoja. Hayaliondoi deni. Mwenye shamba aliyezuiwa na ugonjwa kulitunza tuta halaumiwi kama mvivu. Hata hivyo hasemi kwamba hakuna aliyemchimbia.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo linamhusu mtazamaji mwenyewe. Si kila hasira ni ya haki. Wapo wanaoudhika kwa sababu mhusika wampendaye amekufa, au hakuolewa na waliyemtaka. Mwethya hautoi haki ya kuamua mwenzako apande nini. Kwa hiyo pana haja ya kipimo, na kinachopendekezwa ni hiki: lawama ni ya haki iwapo inaweza kuelezwa kikamilifu kwa kutumia yale tu ambayo hadithi yenyewe iliahidi. Anayesema "Nathan asingeumia" analeta matamanio yake. Anayesema "mmetuambia Peter anaruka" anadai deni. Kwa kipimo hiki sehemu kubwa ya manung'uniko ya watazamaji huanguka, na yanayobaki hupata nguvu.

6.0 Msimulizi wa Kibanda cha Video

Afrika ya Mashariki ina jibu lake kwa uandishi dhaifu. Katika vibanda vya video, wasimulizi kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania wamezifasiri filamu za kigeni kwa sauti zao wenyewe, wakiongeza dhihaka, majina ya mitaani na sababu ambazo mwandishi hakuzitoa. Nchini Uganda sauti ya msimulizi imekuwa sehemu ya filamu yenyewe, kama ilivyo katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Katika vibanda hivi kuna kauli mashuhuri kwamba stelingi hafi. Mhakiki wa juu juu atadhani kauli hii ni ithibati ya ujinga wa hadhira. Ukweli ni kinyume. Ni hadhira iliyokwisha kuitambua sheria halisi ya filamu nyingi, ikaitamka kwa sauti, ikaacha kuogopa na kuanza kucheka.

Msimulizi, basi, huziba pale mwandishi alipoacha pengo. Lakini jirani anayeliziba tuta lililobomoka hamwondolei lawama aliyelitelekeza. Kicheko cha kibandani ni cha werevu, na pia ni cha watu waliojifunza kutokutoa nguvu zao tena.

7.0 Hitimisho

Hasara kubwa ya uandishi dhaifu imo hapo. Mtazamaji aliyedanganywa mara nyingi huacha kuamini, na mazoea hayo hayabaki kwenye runinga. Kuogopa kwa niaba ya mwingine ni uwezo wa kimaadili. Ukitumiwa vibaya, hupungua.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo kumeonyeshwa na filamu ya Kenya, Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kutolewa mwaka 2018. Jo, msichana mgonjwa asiye na tumaini la kupona, anapenda mashujaa wenye nguvu za ajabu, na watu wa kijiji chake wanashirikiana kumfanya aone kwamba naye ni mmoja wao. Mwandishi mvivu angempa muujiza mwishoni, na watazamaji wangelia kwa furaha. Filamu hii haifanyi hivyo. Kijiji kinaigiza mbele ya Jo, lakini filamu haituigizii sisi: tunajua tangu mwanzo kwamba nguvu zake ni kazi ya mikono ya majirani, na Jo anakufa kama tulivyoambiwa atakufa. Ni filamu ya huzuni, na hakuna anayetoka akidai kitu. Kijiji kizima kiliitwa, kila mmoja akaja na jembe lake, na tuta likasimama.

Mtunzi hadaiwi furaha, wala mwisho mwema, wala shujaa asiyekufa. Anadaiwa asipoteze alichopewa. Ahadi ni deni, na ahadi ya hadithi hutolewa tangu pale shujaa anapoinuka angani kwa mara ya kwanza.