Furaha Haingoji Mfuko Ujae



Mpendwa kijana, kuna maneno tunayapenda sana: "Nikipata, nitatoa." Nikipata kazi, nitachangia parokia. Bumu likitoka, nitamkumbuka yule mwenzangu. Biashara ikikaa sawa, nitaanza kutoa zaka. Wengi tunasema hivyo kwa nia njema kabisa, maana hali ni ngumu kweli. Ila leo tuyapime maneno haya kwa Neno la Mungu. Chukua Biblia yako, fungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8.

Wakristo wa Yerusalemu walikuwa na uhitaji, na Mtume Paulo alikuwa akiwakusanyia mchango. Korintho ulikuwa mji wa bandari na biashara. Waamini wake walikuwa wameanza kuchangia tangu mwaka uliotangulia, lakini walikuwa hawajamaliza (aya ya 10). Ahadi ipo, hela haijafika. Tunazijua ahadi za namna hiyo, au siyo?

Basi Paulo anawapa mfano wa makanisa ya Makedonia, kama Filipi na Thesalonike. Hao walikuwa kwenye mateso na umaskini mkubwa. Sasa iangalie hesabu yake katika aya ya 2: dhiki, jumlisha umaskini, jumlisha furaha tele, jibu ni ukarimu. Kwa hesabu zetu haiingii akilini! Sisi tunaanza na pesa, halafu kutoa, halafu labda furaha. Wao walianza na furaha, wakatoa wakiwa bado maskini.

Na cha kushangaza zaidi ni aya ya 4. Wao ndio waliomsihi Paulo awaruhusu kuchangia. Hebu niambie, ni lini umemwona mtu akimfuata mweka hazina wa jumuiya na kumbembeleza, "Tafadhali, pokea mchango wangu"? Kwetu mweka hazina akitokea kona ile, watu wanakata kona hii.

Furaha hiyo waliitoa wapi? Aya ya 5 inajibu: kabla ya kutoa fedha, walijitoa wenyewe kwa Bwana. Na aya ya 9 inakwenda kwenye mzizi: Kristo aliyekuwa tajiri alikubali kuwa maskini kwa ajili yetu. Mtu anayejua kwamba amependwa bure, mkono wake hauwi mzito.

Hapa tuwe makini, ndugu zangu. Siku hizi tunaambiwa "panda mbegu" ya pesa ili uvune gari au ndoa. Wamakedonia hawakuwa wananunua muujiza, wala Paulo hakuwauzia. Ukitoa ili Mungu akulipe, hiyo ni biashara, na mfanyabiashara halali usingizi mpaka aone faida. Anayetoa kwa sababu ameshapokea, analala kwa amani.

Mtazame Mtakatifu Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia. Baba yake alikuwa mmiliki wa gazeti kubwa, lakini kijana huyu mara nyingi alirudi nyumbani mbio kwa miguu, kwa sababu nauli ameshampa maskini. Alipenda kupanda milima na kutaniana na marafiki, wala hakuwa mtu wa uso wa huzuni. Alikufa kwa polio tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24. Karibu na kufa, kwa mkono uliokuwa umeanza kupooza, aliandika ujumbe ili mgonjwa mmoja maskini asikose dawa zake. Siku ya mazishi familia yake ilishangaa kuona maskini wa Torino wamejaa barabarani. Hakuwa amejipiga picha nao. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Unasema, "Mimi sina baba tajiri." Sawa. Soma aya ya 12: Mungu anapokea kulingana na ulichonacho, siyo usichonacho. Pengine ulichonacho ni saa moja ya kumfundisha mdogo wako hesabu. Pengine ni miguu ya kumchotea maji bibi jirani, au sikio la kumsikiliza rafiki aliyekata tamaa. Usidharau.

Wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza, kaa kimya dakika chache mbele ya Ekaristi, umshukuru Yesu kwa kujitoa kwako. Pili, mtafute mtu mmoja umpe kitu kabla hajakuomba, na usimwambie yeyote.

Tusali: Ee Bwana Yesu, ulijitoa kwetu bila kubakiza. Tujaze furaha yako, ili tusingoje kuwa na vingi ndipo tupende. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee. Amina.